Redio Saba na Kikombe cha Tatu

Chumba cha mbele cha nyumba ya Fundi Mawimbi kilikuwa na redio saba. Zote ziliongea kwa wakati mmoja. Moja ilisoma habari. Nyingine iliimba. Nyingine ilikohoa tu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa siku. Fundi aliziacha zikiwaka baada ya kuzitengeneza ili ajue kama zimepona kweli.

"Redio haitoki hapa mpaka nihakikishe imepona," alipenda kusema.

Upande wa pili wa chumba hicho hicho alifanya kazi mkewe. Yeye alikuwa dobi. Alifua uani na kupiga pasi ndani. Kila alipochomeka pasi, umeme ulipungua, na redio zote saba zikaanza kuongea kama mtu aliyebanwa pua. Hapo mume na mke waligombana kidogo. Kisha walicheka na kazi ikaendelea.

Katikati yao, kwenye kiti chenye mto, alikaa mama yake Fundi. Mtaa mzima ulimwita Bibi. Macho yake hayakuona maandishi tena, lakini masikio yake yalikuwa makali. Alimtambua kila mtangazaji kwa sauti. Alijua hata nani ana mafua.

Watu wa mtaani walipenda kumuuliza Fundi habari. Naye alipenda kuulizwa.

"Mimi nasikiliza redio saba kwa mpigo," alijigamba. "Nani atanidanganya?"

Wakati huo kata yao ilijiandaa kumchagua diwani. Redio zilijaa siasa. Kila mara ulisikika muziki wa Chama cha Ngazi: "Panda juu, panda na Ngazi!" Ukiisha huo, ulianza wa Chama cha Birika: "Birika limechemka, njooni!" Bibi alikuwa ameshazikariri nyimbo zote mbili. Siku nyingine aliziimba bila kujua, na mkwewe Dobi alipiga pasi kwa kufuata mdundo.

Palikuwa na chama cha tatu pia. Kiliitwa Chama cha Sindano. Kilikuwa chama kidogo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Mgombea wake alikuwa mdogo wake Dobi, mwanamke mpole aliyefanya kazi ya ukunga katika zahanati ya kata. Watu walimwita Mkunga.

Mkunga aligombea kwa sababu ya lango. Zahanati ilifungwa kila jioni, na lango lake lilitiwa kufuli. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu baada ya hapo hakuwa na pa kwenda. Mkunga alikuwa amezalisha wanawake kwenye baraza za maduka. Mmoja alimzalisha nje ya lango lile lile, kufuli likiwa linawatazama. Siku hiyo alilia, kisha akasema basi, atagombea.

Jioni moja Kinyozi, jirani yao, alikuja kuchukua redio yake. Fundi alikuwa akiifunga skrubu ya mwisho. Redio ya umma ikatangaza:

"Msikose mjadala wetu wa udiwani. Wagombea wawili watakutana hapa studioni."

Fundi alisimamisha bisibisi hewani.

"Wawili?" alisema. "Mbona wawili? Ninavyojua mimi ni watatu."

"Labda mmoja amejitoa," alisema Kinyozi.

Fundi alikuna kichwa. Hakuelewa. Alifungulia redio nyingine sauti. Nayo ilizungumza juu ya Ngazi na Birika. Akafungulia ya tatu. Ngazi na Birika. Akatega sikio kwa zote saba, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyotaja Sindano.

"Basi shemeji amejitoa," alisema polepole. "Redio saba haziwezi kukosea zote. Lakini mbona hakutuambia?"

Kinyozi aliondoka na redio yake. Aliondoka na habari hiyo pia. Na habari ikishaingia kwa kinyozi haitulii. Kila kichwa kilichonyolewa kesho yake kilitoka na nywele chache na uvumi mmoja: Mkunga amejitoa. Nani kasema? Shemeji yake mwenyewe, Fundi Mawimbi.

Mkunga alifika nyumbani kwa dada yake mchana, bado amevaa sare ya kazi. Hakupiga hodi.

"Shemeji," alisema, "nimekukosea nini?"

"Mimi?" Fundi alishtuka. "Hujanikosea kitu. Kaa, shemeji. Pole kwa kujitoa."

"Nani amejitoa?"

"Wewe."

"Mimi sijajitoa!"

"Hujajitoa?" Fundi alitazama redio zake, kisha akamtazama shemeji yake, kisha akazitazama redio tena. "Sasa mbona hawakutaji?"

"Kwa hiyo mtu asipotajwa na redio, hayupo?" Mkunga alikuwa karibu kulia. "Wanawake kliniki leo wananiambia, mkunga, umetuacha. Mmoja amesema nimehongwa na Birika. Nikauliza nani kawaambia. Wanasema shemeji yako!"

Dobi aliiweka pasi chini kwa kishindo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo hata pasi haikuwa na moto kama wake. "Umemfuta mdogo wangu kwenye uchaguzi ukiwa umekaa hapo kwenye stuli!"

"Sikusema kwa ubaya," Fundi alijitetea. "Redio ilisema wawili. Mimi nikatoa mmoja kwenye watatu. Nimekosea hesabu?"

Fundi aliona aibu, lakini zaidi alichanganyikiwa. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba jambo likiwapo, redio italisema. Sasa shemeji yake alikuwa amesimama mbele yake, mzima, mgombea halali, na redio saba zilikuwa hazimjui.

"Au labda chama chake ni kidogo mno," alinong'ona kwa mama yake.

"Wewe ulizaliwa mdogo kuliko mkate," alisema Bibi. "Tulikuandikisha hivyo hivyo."

Siku zile zile aliingia mteja aliyekuwa na redio ndogo kwapani. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani.

"Hodi hapa. Redio yangu imepoteza sauti."

Kabla Fundi hajajibu, Bibi aliinua kichwa.

"Karibu, Bi Asubuhi!" alisema. "Umestaafu lini? Taarifa ya asubuhi sasa inasomwa na kijana anayemeza maneno."

Mgeni alicheka sana. Kweli alikuwa yeye. Kwa miaka mingi alikuwa amesoma habari za asubuhi katika redio ya umma. Mtaani wengi hawakuijua sura yake, lakini aliposema neno moja tu, watu waligeuka.

Dobi alimpa kiti. Fundi aliona amepata mtu wa kumtoa kwenye aibu. Alimweleza mambo yote, ya wagombea wawili na watatu, ya Kinyozi, na ya shemeji yake aliyeacha kumsalimia.

"Sasa niambie, Bi Asubuhi," alimaliza. "Nani mwongo hapa? Redio au shemeji?"

"Hakuna aliyesema uongo," alisema Bi Asubuhi. "Redio ilisema wawili watakuja kwenye mjadala. Haikusema wagombea wako wawili tu. Hayo mengine umeyaongeza wewe."

"Lakini niliona ni jambo moja."

"Ndiyo maana watu wengi hukosea hapo. Niambie, aliyejitoa hutangazwa na nani?"

"Na redio."

"Hapana. Mgombea hukubaliwa na tume ya uchaguzi. Akijitoa, tume ndiyo husema. Ungekwenda kuuliza ofisi yao. Iko pale karibu na stendi. Redio hutuletea habari, lakini haitengenezi wagombea."

Ofisi hiyo Fundi alikuwa akiipita kila alipokwenda kununua waya.

"Sawa," alisema Dobi. "Mume wangu amekosea. Lakini mbona mdogo wangu hasikiki? Hao wengine wanaimbwa mchana kutwa mpaka mama mkwe anawaota."

"Hapo ndipo penye swali zuri," alisema Bi Asubuhi. "Kwenye redio siasa huja kwa njia nyingi. Mkisikia muziki, sifa, kisha muziki tena, hilo ni tangazo la kulipia. Chama kimelipa. Si kosa, mradi redio iwaambie wasikilizaji kwamba limelipiwa, na iwauzie wote kwa bei ile ile."

"Kumbe!" alisema Fundi. "Mimi nilidhani redio yenyewe inaipenda Birika."

"Sindano hawana fedha za kuimba," alisema Dobi.

"Najua. Ndiyo maana kuna habari, na kuna vipindi vya uchaguzi. Hivyo haviuzwi. Habari mhariri huichagua kwa uzito wake. Vipindi vya uchaguzi kwenye redio ya umma ni bure kwa vyama. Redio ya umma inaendeshwa kwa kodi yetu. Dobi akilipa kodi, amechangia. Kinyozi amechangia. Aliyeipenda Ngazi amechangia, na aliyeipenda Sindano amechangia. Haiwezi kuwa mdomo wa wawili na ikamziba mdomo wa tatu."

"Kwa hiyo wote wapewe dakika sawasawa?" aliuliza Fundi. "Chama cha watu wengi na chama cha chumba kimoja?"

Bi Asubuhi alifikiri kidogo.

"Si lazima sawasawa kila mahali. Chama chenye wagombea nchi nzima kinaweza kupata muda mrefu zaidi kwenye habari, kwa sababu kina mambo mengi ya kutangazwa. Watu hubishana sana juu ya kipimo hicho. Lakini kuna jambo halina ubishi. Mtu ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya kura hawezi kupewa kimya. Na wanaogombea kiti kimoja, mjadala wakaufanye pamoja. La sivyo mpiga kura anachagua gizani."

Fundi alikuna kichwa tena. "Na kama huyo mdogo hana la maana?"

"Asikike, kisha mumkatae wenyewe. Kazi ya kukataa ni yenu."

Bibi alisema, "Nitajuaje kama kweli hawamtaji? Labda wanamtaja nikisinzia."

"Swali la maana," alisema Bi Asubuhi. "Mlalamikaji awe na ushahidi. Sikilizeni. Lakini sikilizeni vizuri, redio moja kwa wakati mmoja."

Kesho yake asubuhi Fundi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizima redio sita. Akabakiza moja, ikiwa kwenye redio ya umma. Chumba kikawa kimya hivi kwamba jirani alichungulia dirishani kuuliza kama kuna msiba.

Bibi alitaka vikombe vitatu. Dobi alivipanga mbele yake kwenye meza ndogo. Cha bluu kilikuwa cha Ngazi. Chekundu kilikuwa cha Birika. Cheupe kilikuwa cha Sindano. Fundi alileta kopo la skrubu kuukuu.

"Kila mgombea wetu akitajwa kwenye habari au kipindi, naweka skrubu moja kwenye kikombe chake," alisema Bibi. "Na mtu asiniguse."

Ukapigwa muziki wa "Birika limechemka". Fundi, kwa kutaka kusaidia, akatumbukiza skrubu kwenye kikombe chekundu. Bibi aliitoa.

"Hilo lina muziki mbele na nyuma. Limelipiwa. Umesahau tayari?"

"Naona kichwa changu ndicho kimepoteza mawimbi," alisema Fundi.

Walisikiliza siku ile, na siku zilizofuata. Dobi alipiga pasi kidogo ili redio isikike. Mhandisi mmoja alilalamika kwamba shati lake limechelewa. Aliambiwa asubiri, nchi inapimwa.

Kikombe cha bluu kilijaa. Chekundu nacho kikawa kinakaribia ukingo. Cheupe kilibaki vilevile kilivyotoka kabatini. Bibi alikiinua mara kwa mara, akakitikisa karibu na sikio lake. Hakikulia.

Mkunga alikuja kumwona dada yake. Alikuwa bado amemnunia shemeji yake. Alipoona vikombe, aliuliza ni vya nini. Alipoelezwa, alikaa chini na kukitazama kile cheupe kwa muda mrefu.

"Nilidhani ni mimi tu ninayeona kwamba sitajwi," alisema. "Nilidhani labda ni wivu."

"Na nyinyi Sindano, mliwahi kwenda redioni kuuliza?" aliuliza Bi Asubuhi, ambaye siku hizo alikuwa hapungui hapo.

"Tulingoja kuitwa."

"Mkangoja, na bado mnangoja! Haki yako unaidai, mwanangu. Kwanza mnaenda kwenye chombo chenyewe, mnazungumza na mhariri. Asiposikia, mnapeleka malalamiko tume ya uchaguzi au baraza linalosimamia vyombo vya habari. Hampigi mtu mawe, wala hamkai nyumbani kununa."

"Mhariri ni mtu mkubwa. Atatusikiliza sisi?"

"Huyo nimemfundisha kazi mimi. Lakini hata nisingemjua, ni wajibu wake kuwasikiliza. Twendeni."

"Na mimi nakwenda," alisema Bibi. "Na vikombe vyangu."

Ofisi ya Mhariri ilikuwa ndogo na ya joto. Feni ilizunguka bila kuleta upepo. Mhariri alikuwa mtu mwenye adabu na macho ya uchovu. Alisimama kumpokea mwalimu wake. Aliwatafutia viti. Bibi hakungoja mazungumzo. Aliweka kikombe cheupe mezani, mbele ya Mhariri.

"Samahani sana, Bibi," alisema Mhariri. "Chai imekwisha. Ngoja nimtume mtu."

"Sikuja kunywa chai," alisema Bibi. "Hicho ni kipindi chako."

Mhariri alikitazama kikombe. Alitazama ndani yake. Alimtazama Bi Asubuhi. Sasa ikawa zamu yake kuchanganyikiwa.

Fundi aliweka vikombe viwili vilivyojaa skrubu kando ya kile cheupe, akaeleza. Hakuficha kosa lake. Alisema ni yeye aliyeeneza kwamba shemeji yake amejitoa, na kwamba alilipata kosa hilo kwa kusikiliza kituo hiki.

"Lakini hatukusema amejitoa," alisema Mhariri.

"Ni kweli," alisema Mkunga. "Hamkusema lolote. Mimi ni mgombea kama wao. Watu watapiga kura bila kujua kwamba nipo. Nikishindwa kwa sababu hawanitaki, sawa. Lakini hawajapata hata nafasi ya kunikataa."

Mhariri alijifuta jasho. "Wasikilizaji wanawataka wakubwa," alisema, ila hakusema kwa nguvu.

"Mimi ni msikilizaji," alisema Bibi. "Nani aliniuliza?"

"Na pia mjadala wetu ni wa watu wawili. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani?" aliuliza Dobi.

"Wa hapa. Nilipoanza kazi nilikuta hivyo. Wageni wawili na mtangazaji."

"Kwa nini wawili?"

Ilionekana wazi kwamba Mhariri hakuwahi kujiuliza swali hilo.

Bi Asubuhi naye alikuwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Ghafla alisimama. Alitoka nje bila kusema neno, nao wakamfuata kwenye ujia mpaka studioni. Ilikuwa haina mtu wakati huo, maana muziki ulikuwa ukipigwa kutoka chumba kingine. Alifungua kabati la chini, akapekua nyaya, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kipaza sauti.

"Hiki hapa," alisema. "Zamani vilikuwa vinne. Cha mtangazaji na vya wageni watatu. Hiki kilikufa nikiwa bado nafanya kazi hapa. Tukasema, wiki hii tuwaite wawili, hiki tutakitengeneza. Hatukukitengeneza. Wiki ikawa mazoea, na mazoea yakawa utaratibu. Hata mimi nilisahau."

Walikuwa wanakitazama kile kipaza sauti, kila mtu akijaribu kuelewa. Miaka yote hiyo mtu wa tatu alikuwa hakai kwenye meza ile kwa sababu ya waya.

"Kwa hiyo hakuna aliyenichukia?" aliuliza Mkunga.

"Hakuna," alisema Mhariri kwa sauti ndogo. "Na sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi."

Fundi alikuwa ameshachukua kipaza sauti. Bisibisi haikosekani mfukoni mwake. Alikifungua, akachungulia.

"Waya umekatika shingoni," alisema. "Mnipe chuma cha kulehemu na mahali pa kukichomeka."

Kilipona kabla Mhariri hajamaliza kupanga maneno ya kuomba radhi. Fundi akakipuliza. Sauti ikatoka safi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya uvumi kwa shemeji yake kumchekea.

"Lakini sikilizeni," alisema Bi Asubuhi, na sauti yake ilikuwa ile ya kusoma habari nzito. "Hata kisingepona, haki ingekuwa pale pale. Watu watatu wanaweza kupokezana kipaza sauti kimoja. Chombo kibovu si sababu ya kumnyamazisha mtu."

Mhariri aliinamisha kichwa, akakubali. Jioni ile ile habari za redio ya umma zilisema kwamba wagombea wa udiwani katika kata hiyo ni watatu, na majina ya wote yakasomwa. Redio iliomba radhi kwa kutomtaja mmoja wao. Mjadala ukapangwa upya, wa watatu. Zamu ya kuanza iliamuliwa kwa kuokota vikaratasi mbele ya vyama vyote, asije mtu akasema kapendelewa.

Kwa Fundi kazi ilikuwa haijaisha. Alikwenda kwa Kinyozi kufuta maneno yake.

"Lakini ni wewe uliyesema," alisema Kinyozi, wembe mkononi.

"Ni mimi. Na sasa nasema nilikosea."

"Tukuamini lini? Juzi au leo?"

Wateja wakacheka. Fundi aliingia kwenye kila duka la mtaa ule, akarudia maneno hayo hayo. Wengine walimwelewa. Wengine walisema sasa kweli amehongwa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini unaweza kukausha sakafu, na Fundi alikausha mpaka viatu vikaisha soli.

Siku ya mjadala chumba cha mbele kilijaa majirani. Redio iliyowaka ilikuwa moja. Pasi ilikuwa imechomolewa. Bibi alikuwa na vikombe vyake vitatu, amezimwaga skrubu zote ili aanze upya.

Mgombea wa Ngazi alisema juu ya barabara. Wa Birika alisema juu ya soko. Kisha mtangazaji akamkaribisha Mkunga.

Redio ikawa kimya. Dobi alishika mkono wa mumewe.

"Amesahau," alinong'ona. "Mdogo wangu amesahau maneno."

"Au ni kipaza sauti," alisema Fundi, na jasho likamtoka. "Mungu wangu, isiwe ni ule waya."

Kisha sauti ikaja. Haikuwa kubwa.

"Nilikuwa natazama hiki kipaza sauti," alisema Mkunga. "Nataka kuzungumza juu ya lango la zahanati."

Alisema. Alisimulia juu ya kufuli. Alisimulia juu ya mama aliyejifungulia nje, mvua ikinyesha, na lango liko hatua moja tu. Hakuimba, hakumtukana mtu. Mtangazaji akawageukia wale wengine wawili. Je, wao watafanya nini juu ya lango hilo?

Yule wa Birika alisema atalichunguza. Yule wa Ngazi alisitasita. Kisha alisema, mbele ya kata nzima, kwamba akichaguliwa lango hilo litakuwa wazi usiku na mchana.

Bibi alikuwa ameshika skrubu. Aliitumbukiza kwenye kikombe cheupe. Ting! Chumba kizima kiliisikia.

"Sasa nimechanganyikiwa kabisa," alisema Bibi. "Nilikuwa nachagua mmoja kati ya wawili, na nilishaamua. Sasa wa tatu naye ana maneno. Nitafanyaje?"

"Utafikiri, Bibi," alisema Bi Asubuhi. "Ndiyo kazi yenyewe."

Kura zilipigwa. Mgombea wa Ngazi alishinda. Mkunga alikuwa wa tatu, ila kura zake zilikuwa nyingi kuliko chama chake kilivyowahi kuota.

Miezi ilipita. Asubuhi moja Mkunga alikuja kwa dada yake moja kwa moja kutoka kazini. Alijitupa kwenye kiti, akavua viatu.

"Lango liko wazi," alisema. "Diwani amelazimika, kila mtu alimsikia akiahidi. Jana usiku amezaliwa mtoto wa kwanza ndani, kwenye kitanda, taa zikiwaka. Mtoto wa kike."

Dobi akapiga vigelegele mpaka redio zikafunikwa. Fundi alimtazama shemeji yake. Bado kulikuwa na jambo hakulielewa.

"Shemeji, umeshindwa. Mbona unacheka hivyo?"

"Nimeshindwa nikiwa nimesikika," alisema Mkunga. "Hao walionikataa wamenikataa mimi. Uchaguzi ujao nitawaomba tena. Dada, nipe chai, nimechoka."

Dobi alinyanyua birika, akatafuta kikombe. Vyote vilikuwa havijaoshwa. Akaona kile cheupe kwenye meza ya Bibi, akanyoosha mkono akichukue.

Bibi akakifunika kwa kiganja.

"Tafuta kingine," alisema. "Hiki kina kitu ndani."